Daraja la Pili

Mwalimu husema maneno mengi katika maisha yake, na mengi huondoka pamoja na vumbi la chaki. Lakini yako machache ambayo humrudia mwenyewe uzeeni. Moja la kwangu ni hili: "Huko kwenyewe ni daraja la pili tu." Nililisema mwaka 1980, nikimjibu mvulana wa darasa la saba aliyekuwa amenitajia jina la Sunday Manara. Imepita zaidi ya miaka arobaini na neno hilo halijanitoka kichwani. Lilikuwa la kweli, na pamoja na ukweli wake lilikuwa kosa. Katika kurasa hizi nataka kueleza yote mawili.

Kwanza nimweleze Manara mwenyewe, maana vijana wengi wa leo wanamjua zaidi mwanawe Haji, aliyekuwa msemaji wa Simba na kisha wa Yanga, kuliko wanavyomjua baba.

Sunday Manara alikuwa mshambuliaji wa Yanga katika miaka ya mwanzo ya 1970. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya kandanda. Kitwana Manara alianza kama mlinda mlango akaishia kuwa mshambuliaji, jambo ambalo si la kawaida popote duniani, na ndugu yao Kassim naye alikuwa mwanandinga wa kutajika. Sunday watu walimwita Kompyuta. Wakati huo wengi wetu tulikuwa hatujaiona kompyuta hata kwa picha. Tulichojua ni kwamba ni mashine inayofikiri upesi na haikosei hesabu, na hiyo ilitosha kutuonyesha ni mchezaji wa namna gani.

Mimi nilimwona kwa macho yangu mara moja tu. Tarehe 10 Agosti 1974 Yanga na Simba zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa Ligi ya Taifa. Kwa sisi watu wa Musoma hiyo ilikuwa bahati ya pekee, maana mechi kama hizo tulizoea kuzisikia redioni tu. Nilikuwa mwalimu kijana, mshahara wangu ni wa kuhesabu, lakini tulikusanyana walimu wanne tukapanda basi. Tulipita Bunda, tukapita Magu, tukashuka Mwanza tukiwa rangi moja sote, rangi ya vumbi.

Simba walitangulia kufunga. Adam Sabu alipachika bao katika dakika ya 16, na bao hilo likakaa pale mchana kutwa kama jiwe. Mashabiki wa Yanga walikuwa wameanza kuondoka. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Yanga wakawa mabingwa kwa mabao 2 kwa 1.

Ndugu msomaji, ningependa kusema kwamba niliona bao hilo. Sikuliona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu warefu kuliko mimi, na mpira ulipoingia wavuni nilichokiona ni migongo ya watu ikiruka juu. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimemwona Manara kwa muda wa kutosha. Kilichonishangaza si mbio zake bali utulivu wake. Wenzake walikuwa wakiufuata mpira, na yeye alikuwa akienda mahali ambapo mpira ungefika. Mwaka uliofuata, 1975, timu hizo mbili zilikutana tena Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati. Yanga walishinda 2 kwa 0, na wafungaji walikuwa wale wale, Sembuli na Manara.

Baada ya hapo yakaja yale ambayo klabu zetu hatujawahi kuyakosa. Ugomvi uliingia Yanga, klabu ikapasuka, wachezaji wengi wakaondoka, na kutokana na mpasuko huo ikazaliwa Pan African mwaka 1976. Ndugu hao wa ukoo wa Manara walikuwa upande wa walioondoka. Muda si mrefu, katika nusu hiyo ya pili ya miaka ya 1970, tukasikia habari mpya kabisa: Sunday Manara amekwenda Ulaya kucheza mpira wa kulipwa.

Msomaji wa leo ni vigumu kuelewa uzito wa habari hiyo. Kandanda yetu ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alikuwa karani, askari au mfanyakazi wa shirika la umma, na jioni alivaa daluga. Aliyefunga bao la ubingwa siku ya Jumamosi, Jumatatu alikuwa kazini kama mtu mwingine. Tulikuwa pia katika miaka ya Azimio la Arusha, na hewa tuliyoivuta ilikuwa ya kwamba kipaji cha mtu ni mali ya wote. Nakumbuka mabishano katika ofisi yetu ya walimu. Mmoja alisema Manara ameliletea taifa heshima. Mwingine alisema ni mtoro, na akauliza tofauti yake na daktari anayesomeshwa na umma kisha akaenda kutibu watu wa nchi nyingine. Mimi nilikuwa upande wa huyo wa pili, ingawa nilikuwa nimekula vumbi la kilomita zaidi ya mia mbili ili kumwona.

Alikokwenda ni Uholanzi, katika klabu ya Heracles ya mji wa Almelo. Uholanzi ya miaka hiyo ilikuwa chuo kikuu cha kandanda duniani. Timu yao ya taifa, ikiongozwa na Johan Cruyff, ilifika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974 ikafungwa na Ujerumani Magharibi 2 kwa 1, na mwaka 1978 ilifika tena fainali bila Cruyff ikafungwa na Argentina 3 kwa 1. Lakini Almelo si Amsterdam. Ni mji wa mashariki, karibu na mpaka wa Ujerumani, uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya nguo, na viwanda hivyo vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Sisi wa Musoma tuliokiona kiwanda chetu cha Mutex kikiwaka na kisha kikizimika tunaweza kuuelewa mji kama huo bila kuambiwa mengi.

Heracles walikuwa na historia. Walikuwa mabingwa wa Uholanzi mwaka 1927 na tena 1941. Lakini walishuka kutoka ligi kuu mwaka 1966 na hawakurudi huko hadi mwaka 1985. Kwa hiyo Manara alipofika, timu ilikuwa katika ligi ya pili. Na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: ligi hiyo ya pili Waholanzi wanaiita Eerste Divisie, yaani Daraja la Kwanza, kwa sababu juu yake wameweka nyingine wanayoiita ya heshima, Eredivisie. Nasi kwa miaka mingi tulifanya hivyo hivyo: timu ikishuka kutoka Ligi Kuu ilikwenda kucheza Ligi Daraja la Kwanza. Kumbe binadamu ni wamoja. Hakuna anayependa kukiita cha pili cha pili.

Kutoka Uholanzi safari yake iliendelea Marekani, katika timu ya New York Eagles. Huko nako ilikuwa vivyo hivyo. Ligi kubwa ya Marekani ilikuwa ile ya New York Cosmos, ambako Pelé alicheza tangu 1975 hadi alipoaga mwaka 1977. Eagles walicheza ligi nyingine, American Soccer League, iliyokuwa chini ya hiyo. Manara alicheza pia Austria, katika mji mdogo wa St. Veit jimbo la Carinthia, na Uarabuni katika klabu ya Al Nasr ya Dubai. Kassim naye alikwenda kucheza Austria.

Ukiiweka safari hiyo mezani na kuitazama kwa macho makavu, haishindani na ya wakubwa wa bara letu. Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, alikuwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 1965 akiichezea Benfica ya Ureno. Salif Keita wa Mali alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya mwanasoka bora wa Afrika, mwaka 1970, akiwa Saint-Étienne ya Ufaransa. Ukimpima Manara kwa vipimo hivyo, basi nililosema mwaka 1980 lilikuwa kweli tupu: daraja la pili.

Sasa nije kwa mvulana yule.

Mwaka 1977 serikali ilitangaza elimu ya msingi kwa wote. Shule ziliongezeka haraka kuliko walimu, na sisi tuliokuwa na cheti cha chuo cha ualimu na miaka michache ya kazi tulijikuta tumekuwa walimu wakuu kabla hatujaota mvi hata moja. Shule niliyopewa ilikuwa kando ya ziwa. Darasa la saba lilikuwa na mvulana mmoja ambaye sitamtaja jina, mtoto wa mvuvi. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara na kamba ya katani, lakini ukifika miguuni mwake ulikuwa kama umefika nyumbani. Alichaguliwa katika timu ya shule za msingi ya wilaya. Timu ilitakiwa kuingia kambini kwa wiki mbili, na wiki hizo zilikuwa karibu na mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Nilikataa kutoa ruhusa. Mvulana alikuja ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?"

Alisema anaomba aende kambini, na kwamba atachukua madaftari yake. Nikamwambia mpira haumlishi mtu. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mbona Sunday Manara amekwenda Ulaya?"

Hapo ndipo nilipomjibu nilivyomjibu. Nilisema nikicheka. Nilimwambia asidanganywe na redio, kwamba huko Ulaya kwenyewe Manara alichezea timu ya daraja la pili tu, na kama Manara, mfungaji wa Nyamagana, alifika daraja la pili, je, yeye angefika wapi? Mvulana aliinamisha kichwa akaondoka. Alitii. Hakwenda kambini. Alikaa darasani akafanya mtihani, na hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari za serikali miaka hiyo zilikuwa chache mno, na kuna shule ambazo zilipita miaka bila kupeleka mtoto hata mmoja. Nilijua hivyo nilipomkatalia. Kwa lugha nyingine, nilimnyang'anya nafasi moja ndogo kwa ajili ya nafasi nyingine ndogo zaidi, kisha nikaiita busara.

Sikuona kosa langu mara moja. Mtu aliye na cheo huchelewa kuona. Lilinijia polepole, na lilinijia kupitia mambo yangu mwenyewe. Mimi nilitoka chuo cha ualimu na cheti cha Daraja la A. Juu yangu walikuwapo wenye stashahada, na juu yao wenye shahada kutoka Mlimani. Nilifundisha miaka yote katika shule za msingi za vijijini na za mji huu mdogo. Elimu yangu ingekuwa klabu, isingecheza ligi kuu. Lakini siku nilipostaafu, watu walijaa uwanjani, wengine wakiwa na wajukuu, wakasema nimewafundisha kusoma. Siku ile kama mtu angesimama akasema, "Lakini huyu ni mwalimu wa Daraja la A tu," ningemwona mpumbavu. Angekuwa amesema kweli, na bado ningemwona mpumbavu. Usiku ule nikiwa kitandani nilimkumbuka mvulana mlangoni, nikaelewa kwamba mpumbavu huyo alikuwa mimi.

Kosa langu lilikuwa la kipimo. Nilitazama mahali Manara alipofika, sikutazama alipotoka na njia aliyopita. Eusébio alipelekwa Lisbon na njia iliyokwishakanyagwa, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa koloni la Ureno na klabu za huko zilikuwa na macho Lourenço Marques. Keita alikwenda Ufaransa, nchi iliyoitawala Mali, akiijua lugha yao. Mtanzania wa miaka ya 1970 hakuwa na njia kama hiyo kwenda Almelo. Hapakuwa na wakala, hapakuwa na mwenzake aliyetangulia wa kumwambia baridi ikoje, mkataba unasomwaje, kocha akipiga kelele kwa lugha usiyoijua unafanya nini. Kila aliyekwenda baadaye alikuwa na mtu wa kutolea mfano. Yeye hakuwa naye.

Lugha yetu ilikuwa imenionya, lakini sikuisikiliza. Tunasema daraja la kwanza na daraja la pili kwa maana ya ngazi, na tunasema daraja kwa maana ya kile kinachovusha watu mto. Neno ni hilo hilo moja. Nilikuwa nimelitumia kwa maana ya kumdharau mtu, na sikukumbuka maana yake nyingine.

Daraja hilo lilikaa muda mrefu bila wapitaji wengi, hilo nalikubali. Lakini lilisimama. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akawa bingwa wa Afrika mwaka 2015, akajiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016 na kuwa bingwa wa nchi hiyo mwaka 2019. Alikuwa nahodha wa Taifa Stars mwaka huo huo tuliporudi katika fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Januari 2020 aliingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tulipofurahia hayo sikusikia mtu akiuliza habari za utoro. Mabishano ya ofisini kwetu yalikuwa yamekwisha, na aliyeanza kuyamaliza ni yule tuliyemwita mtoro.

Hapa Musoma nasi tulipata siku zetu. Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikawa inacheza katika uwanja wetu wa Karume, na mwaka 2021 ilifika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2 kwa 0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano, na safari ya mashindano ikaishia hapo. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Watu wengi waliacha kwenda uwanjani. Mimi sikuacha. Nilijiambia kwamba mtu aliyewahi kulicheka daraja la pili ana deni la kwenda kulitazama.

Ni huko Karume nilipokutana naye. Mzee wa makamo, nywele zimeingia mvi, alikuja akasimama mbele yangu kwa namna ile ile ya kusimama mlangoni. Aliniamkia. Sikuhitaji kuambiwa jina. Aliniambia amekuwa mvuvi kama baba yake, ana mtumbwi na nyavu zake, na jioni hufundisha watoto mpira karibu na mwalo. Nilikusanya ujasiri nikamwomba radhi kwa maneno ya mwaka 1980. Alicheka, akasema hayana shida, mwalimu, tulikuwa watoto. Kisha akatazama uwanjani kwa muda. "Lakini mwalimu," akasema, "hata hilo la pili mimi nisingelikataa."

Baada ya mchezo alinieleza shida yake. Kati ya watoto wake yumo mmoja wa darasa la saba aliyeitwa kwenda kujaribiwa katika kituo cha vijana, siku kumi, na mwalimu mkuu hataki kutoa ruhusa kwa sababu ya mtihani. Yeye ni mvuvi tu, amezungumza hakusikilizwa. Je, mimi ningeweza kwenda?

Nilikwenda Jumatatu yake, nimevaa koti. Mwalimu mkuu ni kijana, mwenye shahada, mwenye adabu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo ningemwuliza mimi: "Na mtihani, mzee wangu?" Nikamwambia mtihani ni muhimu, sikuja kuubeza. Nikamwambia mtoto anaweza kubeba madaftari, kwamba siku kumi ni siku kumi, na kwamba mimi na yeye tunaweza kupanga ni mwalimu gani atamfidia masomo akirudi. Jambo hilo lilikuwa rahisi namna hiyo. Lilikuwa rahisi hata mwaka 1980. Mvulana yule aliniambia mwenyewe, akiwa mlangoni, kwamba atachukua madaftari yake.

Mwalimu mkuu alifikiri. Akaniuliza kama huyo mtoto kweli anaweza kufika popote.

Nikamwambia hilo si swali letu.